Mzee Mikola na Siku za Moshi

Jumapili iliyopita, tukinywa chai baada ya ibada, binti mmoja aliyefika kutoka Eldoret miezi miwili nyuma aliniuliza mbele ya watu, "Auntie, wewe ulishawahi kukosea kazini?" Nikajibu, "Mara nyingi, mwanangu," nikamsimulia juu ya meno ya bandia niliyowahi kuwarudishia wazee wawili, kila mmoja nikampa ya mwenzake, wakala nayo uji na mkate mpaka wakamaliza bila yeyote kugundua. Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa ameanza kazi juma lile.

Nilirudi nyumbani Ingleburn nikijua nimemhepa. Kwa hiyo nawaandikia kosa lenyewe, yeye na nyinyi wote mnaoingia kazi hii ya kutunza wazee. Lilitokea katika ile miezi ya moto mkubwa wa misitu hapa Australia, wakati Sydney nzima ilikuwa ikikohoa.

Nilifanya kazi hii miaka kumi na tisa, mingi yake katika nyumba moja ya wazee huko Lidcombe. Nilipoanza, tulikuwa tukiwainua watu kwa mikono, moja mbili tatu, na ndiyo maana leo nikiinama kuokota kijiko lazima nifikirie kwanza kama nakihitaji kweli. Nyinyi mna mashine za kuinulia. Zitumieni, hata mkiwa na haraka. Mgongo hauna spea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Lourdes, muuguzi Mfilipino mfupi, mkali kama pilipili mbuzi. Siku yangu ya kwanza nilimwona bibi mmoja akigoma kuvuliwa koti ili aoge, nikaanza kumbembeleza na kuvuta mkono wa koti. Sista Lourdes akanitoa nje. "Amevaa koti kwa sababu gani?" akaniuliza. Sikujua. "Basi huna ruhusa ya kulivua mpaka ujue." Ikaja kujulikana kwamba bibi yule alificha picha ya mumewe kwenye bitana. Tangu hapo, mzee akinigomea, swali langu la kwanza lilikuwa hilo: analinda nini hapa?

Lakini kulijua swali na kukumbuka kuliuliza ni mambo mawili. Mzee Mikola alipoletwa kwetu, sikulikumbuka.

Alikuwa mtu wa Ukraine, umri karibu na themanini, mabega mapana, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla nusu. Kiingereza chake kilikuwa kimebaki maneno machache tu. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea uji wa shayiri uliopikwa kwa maziwa. Aliunusa, akaniangalia kama mtu aliyeletewa sumu, akalirusha bakuli ukutani. Nikapangusa. Kesho yake nikaleta tena, nikidhani ni hasira za ugeni, na safari hii akanishika kifundo cha mkono akakipinda mpaka nikapiga magoti. Nguvu za mzee aliyeogopa, vijana, msizidharau. Nikaandika kwenye faili: mkali, anarusha chakula. Hayo ndiyo maneno ninayoyaonea haya mpaka leo, kwa sababu wenzangu waliyasoma, wakaanza kuingia chumbani kwake wawili wawili kama askari.

Aliyenieleza ni binti yake, Halina. Alikuwa na miaka kama arobaini, akifanya kazi katika kiwanda cha mikate huko Villawood, na kila jioni alikuja na unga kwenye nyusi. Shingoni alikuwa na kovu jembamba lililozunguka mbele kama mkufu. Siku moja, kwa kutaka mazungumzo tu, nikamwambia, "Shangazi yangu kijijini alikuwa na kovu kama hilo. Walimtoa uvimbe wa shingo. Kwetu milimani chumvi ya zamani haikuwa na iodini."

Halina akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Shangazi yako alikosa iodini. Mimi nilipata. Ila nilipata ile mbaya."

Tukakaa kwenye benchi la korido, akanisimulia kwa Kiingereza chake cha kukatakata. Mwaka 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, baba yake alikuwa dereva wa basi mjini Kyiv. Madereva wakaitwa, wakaenda na mabasi yao msururu mrefu kuwatoa watu wa mji uliokuwa jirani na kinu. Watu wakaambiwa wabebe vitu vya siku tatu.

"Siku tatu, Mama Zawadi," akasema. "Walifunga milango na funguo wakaziweka mfukoni. Mpaka leo hawajarudi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa bibi, kijijini. Nilikuwa na miaka sita. Majani ndiyo kwanza yamechipua, ng'ombe wa bibi anakula nje siku nzima, na mimi kila asubuhi nakunywa maziwa yake yakiwa bado na joto. Hakuna aliyetuambia kitu. Baba alikuwa anawahamisha watoto wa watu, mimi nakunywa maziwa."

Akanieleza kwa kidole, kama mwalimu. Moshi wa kinu ulibeba iodini yenye mionzi. Ikatua kwenye majani, ng'ombe akala, ikaingia kwenye maziwa, mtoto akanywa, ikajikusanya hapa kwenye tezi ya shingo. Mtoto akipewa mapema vidonge vya iodini nzuri, tezi inashiba na ile mbaya inakosa nafasi. Mtoto akichelewa kupewa, basi. Miaka mingi baadaye, akiwa msichana, wakamkata tezi yote pamoja na saratani yake. Sasa kila alfajiri humeza kidonge kabla ya kula, na atakimeza mpaka kufa.

"Na huko kwenu, sasa pamepona?" nikauliza.

"Iodini ile hufa upesi. Kuna sumu nyingine haifi upesi. Misonobari karibu na kinu iligeuka rangi ya kutu, ikafa yote. Vijiji vingine vilizikwa kwa tingatinga, nyumba na maua yake. Uyoga wa msituni hauliwi bila kupimwa. Na msitu ule ukishika moto, dada za mama yangu hufunga madirisha mpaka leo, kwa sababu moto huyaamsha yaliyolala kwenye udongo."

Niliyasikia maneno hayo ya mwisho, nikatikisa kichwa kwa huruma, nikayasahau. Nilichofanya ni kubadilisha uji: nikaupika kwa maji, nikaweka asali ya dukani, nikamwonyesha Mzee Mikola bomba nilikochota. Akala. Nikaenda kwenye faili nikafuta neno "mkali" nikaandika "hanywi maziwa, msimpe." Kwa miezi minane hatukuwa na shida naye. Alinifundisha kusema "dobre," yaani vizuri, na kila nilipomfunga kamba za viatu alinipigapiga begani kama abiria aliyefika salama.

Kisha moto ukaja. Wale mliokuwapo mnakumbuka. Jua lilikuwa jekundu saa nne asubuhi kama taa ya breki. Majani yaliyoungua yalisafiri kutoka milimani yakatua kwenye nguo za kuanika, meusi, mazima, ukiyashika yanakuwa unga. Sisi kazini tuliamriwa tuvae barakoa, tufunge madirisha yote, na tuweke taulo zenye maji chini ya milango. Redio katika ukumbi ilikuwa ikirudia kwamba wazee wabaki ndani, hakuna sababu ya hofu.

Jaribuni kuwa Mzee Mikola, muone hayo yote kwa macho yake. Anga nyekundu. Majivu. Watu wenye barakoa. Sauti ya serikali inasema hakuna sababu ya hofu. Asubuhi moja ya siku hizo nilimpita akiwa amesimama dirishani, kiganja kwenye kioo, nikamwambia "dobre?" Nilikuwa na wagonjwa wa kufunga vidonda, nikaendelea bila kungoja jibu.

Nilikuwa chumba cha saba nikimfunga mzee mmoja kidonda cha mguu. Kando yangu palikuwa na troli ya vidonda: bandeji, mikasi, na chupa kubwa ya iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia. Kanuni ilikuwa fupi. Ukitoka, unaifunga troli kwa ufunguo, hata kama unaenda hatua mbili. King'ora cha moto kikalia. Nikakimbia korido nzima nikihesabu vichwa, na funguo zangu zikalia kiunoni njia nzima, na troli nimeiacha wazi.

Hapakuwa na moto kwetu. Moshi wa nje tu ulikuwa umeingia kwenye vifaa vya king'ora. Tulipohakikisha, zilikuwa zimepita kama dakika ishirini. Nikarudi chumba cha saba. Bandeji zipo, mikasi ipo. Chupa haipo.

Kabla sijafikiri nikasikia sauti ya Furaha. Alikuwa binti wa Uvira, kule Kongo, wiki yake ya pili kazini, wa kuitwa siku kwa siku. "Mama Zawadi, kuya mbio! Mzee Mikola eko anaweka dawa ya kidonda mu chai ya bamama!"

Ukumbini wazee wanane walikuwa wameketi na chai yao ya saa nne. Mzee Mikola alikuwa amejifunga kitambaa chenye maji mdomoni. Alikuwa akienda meza kwa meza, amenyooka, haraka lakini bila papara, akimimina kwenye vikombe dawa ile ya kahawia. "Kunywa," alikuwa akisema. "Yote. Sasa." Chupa ilikuwa imebaki nusu. Bi Doreen, aliyekuwa na miaka tisini na mmoja na tabia ya kushukuru kwa chochote alichopewa, alikuwa ameshapiga funda moja na ameinua kikombe kwa la pili.

Dawa ile ikiingia tumboni inachoma. Kwa mzee wa tisini sikutaka hata kufikiri.

Furaha akaruka kumvamia. Nikamshika nguo. "Usimguse. Akiona tunamnyang'anya atawalazimisha wamalize. Wewe zunguka nyuma, ondoa vikombe taratibu, sema unawaletea chai ya moto. Anza na Bi Doreen." Furaha akaenda, na alivyokuwa na akili, akaanza kwa kuimba polepole kama kawaida yake akikusanya vyombo. Vikombe vikagongana kwenye sinia.

Mimi nikaenda mbele ya Mzee Mikola. Nikasimama mbali kidogo, mikono ionekane. Hapo ndipo swali la Sista Lourdes liliponirudia, miezi mingi baada ya kulihitaji.

"Mzee Mikola," nikasema, "nani hajapata?"

Akanitazama kama mtu aliyemwona mwenzake wa kazi hatimaye. "Watoto," akasema. "Hapa wazee tu. Watoto wako wapi? Watoto kwanza."

"Unamtafuta mtoto gani?"

"Halina. Yuko kwa mama yangu. Anakunywa maziwa."

Akageuka akaelekea mlango wa nje. Mlango ule ulikuwa na kufuli ya namba, lakini kufuli za namna hiyo hufunguka zenyewe king'ora cha moto kinapolia, na hakuna aliyekuwa ameurudishia. Akausukuma, ukafunguka. Nje kulikuwa na maegesho, kisha geti, kisha barabara ya malori. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba magari yaliwasha taa mchana kweupe.

Nikatoka naye. Sikumshika. Nilitembea upande wa barabara ili akitaka kuvuka akutane na mimi kwanza, na kwa mkono mmoja nikapiga simu. Iliita. Ikaita tena. Lori likapita, upepo wake ukatupiga majivu usoni. Mzee akaikumbatia chupa kifuani, akaongeza mwendo.

"Halo?" Nyuma ya sauti ya Halina nilisikia mashine za kiwanda.

"Halina, ni Mama Zawadi. Baba yako ana chupa ya iodini ya vidonda. Anakwenda kukutafuta akupe kabla hujanywa maziwa. Tuko karibu na barabara. Ongea naye."

Nikaiweka simu kwenye spika, nikamsogezea mzee.

"Tato," Halina akasema. Ndivyo wanavyomwita baba.

Mzee akasimama. Wakaongea lugha yao, na mimi sikuelewa ila jina lake na neno la maziwa. Halina ndiye aliyenitafsiria baadaye. Baba aliuliza kama amekunywa maziwa. Akasema hapana, bibi aliyamwaga yote. Baba akauliza kama amepata iodini. Akasema amepata. "Ulifika mapema, Tato. Ulituletea mwenyewe. Umesahau tu."

Niliona uso wa yule mzee. Sijui niuelezeje. Akakaa kwenye ukuta mfupi wa geti, akavua kitambaa mdomoni, akanikabidhi chupa kwa mikono miwili.

Tuliwapigia simu wataalamu wa mambo ya sumu, ambulansi ikaja, Bi Doreen na wengine wawili waliokuwa wamekunywa kidogo wakachukuliwa. Masaa yale ya kungoja sitayasahau. Kesho yake wote watatu walirudi, na Bi Doreen akatangaza kwamba chai ya hospitali ni mbaya kuliko ile ya Mikola. Lakini mchana ule hatukujua hayo.

Mchana ule meneja alituita mimi na Furaha ofisini. Alikuwa na rosta ya zamu mezani. "Furaha, upande ule ulikuwa wako leo. Nani aliiacha troli wazi?" Furaha akaniangalia, kisha akaangalia sakafu. Yeye hata barua ya kumfukuza isingehitajika. Wangeacha tu kumpigia simu, na angebaki nyumbani na wadogo zake watatu, akidhani nchi hii ndivyo ilivyo.

Sitawadanganya: nilinyamaza. Nilivuta pumzi mara tatu nikifikiria nyumba yangu na umri wangu. Kisha nikasema, "Ni mimi. Nilikimbilia king'ora sikufunga. Furaha ndiye aliyeona, na ndiye aliyeondoa vikombe."

Nilipewa barua ya onyo, nikarudishwa darasani na watoto wa umri wenu, na kwa miezi mitatu sikuruhusiwa kugusa troli. Iliniuma. Lakini binti wa Eldoret, kama unasoma, jibu lako ni hilo. Utakosea. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kabla kosa halijampata mtu mdogo wa kulibeba.

Halina alifika saa tisa, moja kwa moja kutoka kiwandani, ametembea kutoka stesheni. Majivu yalikuwa kwenye nywele zake na mabegani. Mimi nilikuwa chumbani na mzee. Halina akaingia na mikono wazi, na Mzee Mikola akarudi nyuma mpaka ukutani, viganja mbele. Akasema kitu kwa ukali.

Halina akasimama kama aliyepigwa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Usinikaribie." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mama Zawadi, hivi ndivyo alivyosema siku aliporudi. Siku ya nne. Nilimkimbilia getini kwa bibi, akapiga kelele hivi hivi, mikono hivi hivi. Akavua nguo zote nyuma ya ghala akazizika. Kwa wiki nyingi hakunigusa. Na baadaye alikuwa amezoea, hakunikumbatia tena. Nilidhani nilifanya jambo baya. Nimedhani hivyo maisha yangu yote. Hakuwahi kueleza. Waliambiwa wasizungumze."

Nikamtazama mzee. Macho yake hayakuwa usoni kwa binti yake. Yalikuwa kwenye majivu ya mabega.

"Halina," nikasema, "anaogopa vumbi. Leo liko kwako, siku ile lilikuwa kwake."

Halina akavua koti lake, akaliweka nje ya mlango. Nikamketisha mbele ya beseni la kunawia la chumbani, nikamwosha nywele kwa maji ya vuguvugu, mara moja, mara mbili, mpaka maji yakawa meupe. Mzee alisimama karibu akikagua. Mara ya tatu akanisogeza kwa kiwiko, akachukua jagi mwenyewe, akammiminia. Nikampa Halina shati safi la baba yake akavaa.

Mzee Mikola akaunusa ule utosi wenye maji. Akakagua viganja vya binti yake, mbele na nyuma, kimoja baada ya kingine. Kisha akamvuta kifuani akamkumbatia, na Halina, mwanamke wa miaka arobaini, akalia kwa sauti ya mtoto.

Nilitoka nikakaa kwenye kiti cha korido. Chakula cha jioni kilipoletwa nilimzuia Furaha mlangoni na sinia. Tukakisubirisha mpaka kikapoa, tukakipasha, kikapoa tena.